Kibali Kilikuja, Mgodi Haukuja

Mbalam iko kona ya kusini-mashariki mwa Kamerun, msituni, jirani na mpaka wa Kongo-Brazzaville. Ukivuka mpaka unaukuta mlima Nabeba. Vilima vya pande zote mbili vimebeba chuma, na kuna miaka ambayo jina la Mbalam lilitajwa Perth, Australia, pengine kuliko Yaoundé kwenyewe, kwa sababu Perth ndiko yalikokuwa makao ya kampuni ya Sundance Resources, na hisa za Sundance ziliuzwa kwa senti. Bei ya senti ina mvuto wake. Mtu wa mshahara asiyeweza kununua hata hisa 50 za kampuni kubwa ya madini aliweza kujipatia 20,000 za hii, akazikalia, akiamini kwamba siku serikali za Kamerun na Kongo zitakapotia saini, senti zitageuka dola. Na hivyo ndivyo miaka ile inavyokumbukwa na wengi: mawe yalikuwepo, mnunuzi alikuwepo, kilichokosekana ni kibali. Mimi naona kumbukumbu hiyo imepinda. Vibali vilitoka. Vilichelewa, ndiyo, lakini vilitoka kimoja baada ya kingine, na mgodi haukuchimbwa. Kilichobadilika kadiri miaka ilivyokwenda ni kile kitu chenyewe kilichokuwa kikingojwa, na mwenye hisa chache alikuwa wa mwisho kupata habari.

Tuanze na mawe yenyewe, maana hayakuwa hadithi ya kubuni. Sehemu ya juu ya vilima vile ni hematiti nzuri, chuma cha kuchimbwa, kupondwa na kupelekwa melini bila kazi kubwa ya kukisafisha. Mpango ulikuwa kutoa tani milioni 35 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365, utapata karibu tani 96,000 kila siku. Kwa malori ya tani 30 hiyo ni safari 3,200 kwa siku, malori zaidi ya mawili kila dakika, usiku na mchana, yakipita barabara ya msituni. Haiwezekani. Kwa hiyo ilihitajika reli ya kilomita zipatazo 510 hadi Lolabé, kusini mwa Kribi kwenye pwani ya Atlantiki, tawi jingine la kilomita 70 kwenda Nabeba, na gati la maji marefu la meli kubwa. Makadirio ya kazi yote yalifika dola za Marekani bilioni 4.7. Namba hiyo haikufichwa, ilikuwa ndani ya taarifa za kampuni, na mtu yeyote angeweza kuiweka kando ya thamani ya kampuni nzima sokoni, ambayo hata kwa ofa nono kuliko zote ilizowahi kupewa haikufika nusu yake. Kampuni ya kiasi hicho haijengi reli ya kiasi hicho. Inachoweza ni kutayarisha makaratasi, kisha kumtafuta mwenye fedha. Mwenye hisa 20,000 alidhani ana kipande cha mgodi, kumbe ana kipande cha faili lililokuwa likitembezwa.

Tarehe 19 Juni 2010 ndege ndogo ya kukodi iliondoka Yaoundé kwenda Yangadou, upande wa Kongo, ikiwa na watu 11, na bodi nzima ya Sundance ikiwa ndani yake. Miongoni mwao alikuwemo Ken Talbot, tajiri wa makaa ya mawe ambaye ndege yake binafsi haikuweza kutua kwenye kiwanja kile kifupi, ndiyo maana wote wakapanda moja. Hakuna aliyenusurika. Katika masimulizi ya mradi huu msiba huo huwekwa kama pigo lililouchelewesha. Ulikuwa zaidi ya hapo. Mwenyekiti wa zamani, George Jones, alirudi kushika usukani, kazi iliendelea, na tatizo la fedha likabaki palepale lilipokuwa. Lakini hisa za marehemu Talbot zilibidi ziuzwe, na aliyezinunua mwaka 2011 alikuwa Hanlong, kampuni ya Sichuan, China. Hapo ndipo jambo linalongojwa lilipobadilika mara ya kwanza: watu waliacha kungoja chuma, wakaanza kungoja kununuliwa.

Julai 2011 Hanlong ilitaja senti 50 kwa kila hisa. Oktoba ikapanda hadi 57. Mwenye hisa 20,000 akajihesabia dola 11,400 za Australia. Agosti 2012, bei ya chuma ikiwa inaporomoka, ofa ikashushwa hadi 45, naye akajihesabia 9,000, bado si haba. Masharti ya ofa yalikuwa na orodha ya vibali: vya Kamerun, vya Kongo, vya China na vya Australia. Hapa ndipo lugha ya kungoja serikali ilipopata nguvu, kwa kuwa kila taarifa ilisema kimebaki kibali hiki na kile. Sasa tazama mfuatano wa mambo. Novemba 2012 Kamerun ilitia saini mkataba wa Mbalam. Karibu wakati huohuo Kongo ikatoa leseni ya uchimbaji ya Nabeba. Yale mawili ambayo watu walikuwa wakiyaombea yakawa yametimia. Aprili 2013 ofa ikafa. Iliuawa na kitu ambacho hakuna waziri wa Afrika aliyekuwa nacho mkononi: Hanlong haikuweza kuleta uthibitisho wa mkopo wa benki. Mwezi mmoja kabla, tajiri wake, Liu Han, alikuwa amekamatwa China. Mwaka 2015 alitekelezewa hukumu ya kifo kwa makosa ya mauaji na kuongoza genge la wahalifu. Na kama kuna anayetaka kujua nani hujua mapema na nani hujua mwisho, baadhi ya waliokuwa maofisa wa Hanlong mjini Sydney walifungwa jela kwa kununulia siri, yaani kuwahi sokoni kabla ofa ya 2011 haijatangazwa. Mtu wa 20,000 alikuwa akisoma matangazo yaliyokwisha kupoa.

Kuna pingamizi lenye uzito hapa, na sitalipuuza. Watu husema: kibali kilikuja, lakini kilikuja kimechelewa. Mwanzoni mwa 2011 tani ya chuma iliuzwa karibu dola 190. Kama Yaoundé ingetia saini mwaka ule, benki zingekopesha kwa macho yaliyofumbwa, na mgodi ungekuwepo leo. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Ucheleweshaji una gharama, na gharama hiyo hulipwa na aliye dhaifu kwanza. Nusu ya pili haisimami. Reli ya kilomita 510 msituni haijengwi mwaka mmoja. Tuseme saini ingepatikana 2011 na kazi ikaanza mara moja, meli ya kwanza ingeondoka Lolabé mwaka 2014 au 2015. Desemba 2015 chuma kilishuka chini ya dola 40 kwa tani. Mgodi mchanga wenye deni la mabilioni ungefunguliwa mlango moja kwa moja kwenye tufani. Na hatuna haja ya kukisia, kwa sababu kuna jirani aliyepewa kila kitu mapema. African Minerals ya Tonkolili, Sierra Leone, ilipata leseni yake, ilifufua reli na bandari, ikapakia meli ya kwanza mwaka 2011 bei zikiwa bado tamu. Mwishoni mwa 2014 mgodi ulisimama, bei zikiwa chini na nchi ikiwa kwenye Ebola, na 2015 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Wenye hisa chache wa Tonkolili walikipata kibali, wakauona mgodi, wakaiona na meli. Mwisho wa habari waliambulia kilekile walichoambulia wa Mbalam.

Baada ya 2013 ikaja miaka ambayo sioni faida ya kuisimulia mmoja mmoja. Juni 2014 kulikuwa na mkataba wa dola bilioni 3.5 na Mota-Engil ya Ureno wa kujenga reli na bandari, ambao nao ulitegemea fedha zipatikane kwanza. Julai mwaka huohuo Kongo ikasaini mkataba wa Nabeba. Saini tena! Ila wakati huo kampuni ilikuwa ikiishi kwa kukopa, na mikopo yenyewe ilikuwa ya aina inayoweza kugeuzwa hisa. Mwenye uji mdogo anajua jambo hili: wageni wakizidi, unaongeza maji. Sufuria linabaki limejaa, bakuli linabaki limejaa, na njaa iko palepale. Hisa 20,000 hazikupungua hata moja katika hesabu, lakini zile zilizozizunguka ziliongezeka, na bei ikashuka hadi chini ya senti moja. Kwa nusu senti, zile dola 11,400 za Oktoba 2011 zinakuwa 100.

Wapo wasiowaonea huruma. Wanasema aliyenunua hisa ya senti alicheza kamari, na mcheza kamari hana haki ya kulia. Sipendi ukali huo, lakini naona pia haulengi penye kidonda. Kamari ina kete na mchezaji anaziona. Hapa watu walielekezwa macho kwenye kete isiyohusika. Miaka nenda miaka rudi walisubiri habari za mawaziri, ilhali swali la kuuliza lilikuwa moja na lilikuwa kavu: nani atalipia reli, na kwa nini aigawane faida na sisi? Mwenye fedha za kujenga kilomita 510 anaweza kungoja. Akingoja vya kutosha, leseni inaisha muda au inanyang'anywa, naye anaingia bila kumlipa aliyetangulia. Guinea imeonyesha hivyo kwenye mlima Simandou: Rio Tinto ilianza kupata haki za utafiti 1997, ikanyang'anywa nusu ya kaskazini 2008, nusu ile ikapita mikono mingine, na sherehe ya kusafirisha chuma ikaja Novemba 2025. Rio Tinto iliweza kuvumilia miaka 28. Kampuni ya senti haina pumzi hiyo.

Upande wa serikali nao una hoja, na katika simulizi za Perth hausikiki kabisa. Leseni ni ahadi yenye saa. Nchi inakupa vilima vyake ili uchimbe, si ili uvitembeze kwenye maonyesho ya wawekezaji. Kama miaka kumi imepita na hakuna hata taruma moja la reli lililolazwa, waziri ana haki ya kuuliza. Mwishoni mwa 2020 Kongo ilifuta leseni ya Nabeba pamoja na nyingine mbili za chuma za eneo lile, Avima na Badondo, kwa maelezo kwamba hazikuendelezwa, ikazikabidhi kwa Sangha Mining Development, kampuni isiyo na jina katika uchimbaji wa chuma. Hapo ndipo hoja ya serikali ilipojikwaa kwa mguu wake. Kumpokonya asiye na uwezo kwa sababu hana uwezo ni jambo linaloeleweka. Kumpa mwingine ambaye uwezo wake haujaonekana kunaturudisha mwanzo wa foleni. Wakati huohuo bei ya chuma ilikuwa imeamka tena, na Mei 2021 ilivuka dola 200 kwa tani. Nani asingetaka vilima vile mkononi mwezi huo?

Sundance ilikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, ikiidai Kongo peke yake dola bilioni 8.76, kiasi kinachokaribia mara mbili ya gharama ya kuujenga mgodi wote. Kwa hiyo kungoja kukabadilika mara nyingine. Aliyenunua hisa ya chuma akajikuta ana hisa ya kesi. Mali yake haikuwa tena msituni, ilikuwa kwenye majalada ya mawakili, na kabla yake walikuwa wamejipanga waliokopesha kampuni na waliogharimia madai. Hata neno kibali likatoweka kwenye mazungumzo.

Nimeukumbuka mkasa huu kwa sababu ya Liganga, wilayani Ludewa, Tanzania, ambako kilima cha chuma chenye titani na vanadi kimekuwa kikitajwa bungeni tangu wengi wetu tukiwa wadogo. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliungana na Sichuan Hongda ya China, asilimia 20 kwa 80. Sehemu kubwa ya mijadala ikawa juu ya vivutio, misamaha ya kodi na mapitio ya mkataba, tukarudia wimbo uleule wa saini. Huko hapakuwa na wanahisa wa senti. Walikuwepo wenye mashamba, na ukiniuliza mimi, hao ndio wawekezaji wadogo kuliko wote: mtaji wao ni ekari mbili za mahindi na miti michache, na wao waliwekwa ndani ya mradi bila kununua chochote. Mthamini akishapita akahesabu migomba na kuandika namba mlangoni, mwenye nyumba anasita kubandika bati jipya. Atapanda mti wa nini usiohesabiwa? Fidia ya Liganga na ya mradi pacha wa makaa ya mawe wa Mchuchuma ilianza kulipwa 2023, miaka 12 baada ya mkataba. Hiyo ni miaka 12 ya bati kuukuu, nayo haionekani kwenye bei ya soko lolote la hisa.

Mbalam nako mambo yaliendelea. Mwaka 2018, Sundance ilipokuwa taabani, kampuni nyingine ya Australia, AustSino, ilijitokeza kama mwokozi wa kuingiza fedha. Wokovu haukukamilika. Juni 2021, leseni ya Nabeba ikiwa imekwisha pokonywa, Kamerun na Kongo zilitia saini makubaliano mapya kuhusu reli ya Lolabé, na miongoni mwa waliokaa mezani alikuwa AustSino. Kilomita ni zilezile 510. AustSino nayo ina wanahisa wake wadogo, na hisa zake ziliuzwa kwa senti.