Ukuta wa Simu: Kutoka Kwenye Kaunta Buku ya Fundi

Jumatatu, 6 Julai 2009

Bosi kanionyesha boksi la mtambo wa simu ukutani. "Fundi, si kubandua hapa na kubandika kule tu?" Nikamwambia ndiyo mzee, boksi lenyewe ni suala la skrubu chache. Sikuendelea. Yeye anainua mkono wa simu, anasikia mlio, basi.

Ofisi yao inatoa mizigo bandarini. Wanahama kutoka karibu na Posta kwenda Mikocheni. Mtambo ni Panasonic wa miaka ya tisini, bado mzima. Umefungwa kwenye stoo ya mafaili, na pembeni yake ndiyo kazi yenyewe ilipo: krone, yaani vibao vya kubania nyaya, za kushoto zinatoka kwenye mtambo, za kulia zinakwenda kwenye meza, na katikati jampa zimefumana kama kiota cha kunguru. Ndani ya mlango kuna karatasi ya orodha. Nusu ya majina ni ya watu walioacha kazi zamani. Ekstensheni moja imeandikwa "Yule wa juu".

Jumanne, 7 Julai (Sabasaba)

Watu wako viwanjani Barabara ya Kilwa, mimi na kijana wangu tuko stoo. Kwa kazi hii sikukuu ni neema, hakuna anayepiga simu. Yeye anazunguka meza kwa meza na kifaa cha toni, mimi nabaki kwenye krone na kichunguzi, nasikiliza inalia wapi. Kila jozi tunaiandika: meza, namba ya ekstensheni, rangi, mahali pake upande wa kulia, mahali pake upande wa kushoto.

Rangi zimetuchelewesha. Mpangilio naujua hata usingizini: nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, kila moja ikipangwa na bluu, chungwa, kijani, kahawia na kijivu, jumla jozi 25. Lakini kebo hii imekaa kwenye joto miaka mingi na nyeupe yake imegeuka njano. Kwa hiyo nyeupe-bluu, jozi ya kwanza, na njano-bluu, jozi ya 16, zimekuwa pacha. Kijana akataka kuzitambua kwa mwanga wa dirishani. Nikamkatalia. Toni haina macho, ndiyo maana naiamini.

Ijumaa, 10 Julai

"Shikamoo fundi." "Marahaba mwanangu." Dada wa swichibodi alikuwa ameshanisogezea kiti kando ya meza yake.

Leo ni kunakili programu. Mtambo ukizimwa, kumbukumbu yake inashikiliwa na betri ndogo ya lithiamu iliyo kwenye kadi, na hii sijui ni lini ilibadilishwa mara ya mwisho. Ikigoma, mtambo utaamka kama ulivyotoka kiwandani. Basi naingia kwenye programu kupitia simu kubwa yenye skrini, napita kipengele kimoja baada ya kingine, naandika. Kazi ya kuchosha macho. Ila dada anajua yale ambayo skrini haisemi: kwa nini laini ya tatu haimpigii mtu wa mauzo, nani aliruhusiwa kupiga mikoani na nani alinyang'anywa ruhusa hiyo baada ya bili moja kubwa. Haya nayo nimeyaandika. Bila maelezo hayo, mtu atakayekuja baadaye ataona ni kosa, atalisahihisha, na ugomvi utaanza upya.

Jumatatu, 13 Julai

Mikocheni. Jengo zuri, rangi bado inanuka. Matundu ya ukutani yote ni yale mapana ya kompyuta. Hilo si tatizo, plagi nyembamba ya simu inaingia na kukaa katikati: waya zake mbili za ndani zinagusa pini ya 4 na ya 5, za nje zinagusa ya 3 na ya 6. Simu ya kawaida inatosheka na hizo za ndani, ambazo siku zote ni jozi ya bluu. Simu kubwa zenye vitufe vya taa zinadai jozi mbili, ya sauti na ya data, na hapo ndipo penye mtego. Pini ya 3 na ya 6 ni jozi ya kijani ukifuata mpangilio B, ni jozi ya chungwa ukifuata mpangilio A. Aliyevuta nyaya hapa kafuata B chini na A ghorofani. Kwa kompyuta hakuna atakayegundua, mradi ncha mbili za kebo zinafanana. Mimi kebo naipeleka kwenye krone, kwa hiyo lazima nijue. Nimebandika A au B pembeni ya kila tundu.

Jumatano, 15 Julai

Kugonga krone tangu asubuhi. Naipenda kuliko vile vibao vya skrubu vya zamani. Huvui ganda la waya: kisu kilichomo ndani kimekaa mshazari, digrii 45, kinapasua ganda na kubana shaba, na kifaa kinakata mkia uliobaki hapohapo. Ila mdomo mmoja ni wa waya mmoja. Kuna mafundi wanaosukuma waya wa pili juu ya wa kwanza ili simu mbili zilie pamoja. Mdomo unapanuka. Siku ukiutoa wa pili, wa kwanza unabaki unacheza, na simu inakatika kila mtu akifunga mlango. Kule stoo nimeikuta midomo ya namna hiyo, wala siihamishi.

Nimeipa kila meza jozi mbili, hata zenye simu ya kawaida. Kebo ya jozi 25 basi inabeba ekstensheni 12 na jozi moja ya akiba, na krone ya jozi 10 inabeba tano. Mhasibu kauliza kwa nini krone ni nyingi hivi. Kwa sababu wakubwa wanahama meza, na mkubwa hataki simu isiyo na taa.

Laini za nje nimezivalisha vilinda-radi vya mirija ya gesi. Bila waya wa ethi hivyo ni mapambo, na majengo mengi ninayoingia vimekaa kama mapambo. Hapa nimevuta waya wa kijani na njano kutoka kwenye fremu ya krone mpaka kwenye nondo iliyo nyuma ya jenereta.

Jumamosi, 18 Julai

Tumehama. Boksi limebanduliwa na kubandikwa kabla ya chai, kama bosi alivyotabiri.

Namba za mjini zinazoanza na 211 zimebaki mjini, huku tumepewa za 277. Namba inafuata ekschenji, haimfuati mteja. Dada wa swichibodi kaumia kuliko bosi.

Nimepima laini za nje moja moja. Mkono wa simu ukiwa umelala, mita inasoma karibu voliti 48. Kengele ikiingia inapanda kupita 75, umeme wa kupishana. Kijana amejua leo kwa nini namkataza kuvua waya kwa meno.

Betri imeshika, programu yote ipo. "Basi tuliandika bure, mzee." Nikampa kaunta buku alinganishe na skrini, ekstensheni moja moja.

Ghorofani simu moja kubwa iligoma. Nimechomeka plagi ya kukatia katikati ya krone, nikapima pande mbili: mtambo mzima, ubovu uko upande wa meza. Tundu limeandikwa B, ndani ni A. Nimehamishia jozi ya chungwa, ikawaka.

Faksi nimeiunganisha moja kwa moja na laini ya nje, haipiti kwenye mtambo kabisa. Nyaraka za meli hazingoji.

Mwisho nimezima swichi kuu mbele ya bosi. Umeme ukikatika, mtambo unaiachia laini ya kwanza iende yenyewe kwenye ekstensheni ya kwanza, na umeme wake unatoka ekschenji. Hapo nimeweka simu ya kawaida isiyo na taa. Akapiga kwa simu yake ya mkononi, ikalia gizani. Katika kazi yote hii, hilo tu ndilo lililomfurahisha.

Alhamisi, 23 Julai

Habari ya leo ni mkongo wa intaneti wa SEACOM, umezinduliwa. Kijana wa kompyuta wa ofisi ananiambia simu zote zitahamia kwenye intaneti, krone zangu atazifanya rafu ya vikombe. Huenda. Nyaya nilizomwachia zitamfaa hata hapo. Ombi langu ni moja, asichomeke kompyuta kwenye tundu nililolibandika kibandiko chekundu, yaani la simu, maana kengele ikija inaweza kuunguza kadi yake ya mtandao.

Ankara nimeipeleka. Bosi kakata kidogo kwenye ufundi, kwenye vifaa hakugusa.

Imebaki ekstensheni ya mlinzi getini. Kebo ipite ardhini ndani ya bomba, isipite juu ya ukuta pamoja na nyaya za umeme kama anavyotaka fundi wa jengo. Ninunue ya nje, yenye jeli ndani, na vilinda-radi ncha zote mbili. Kopi ya kaunta buku: moja kwa dada, moja ndani ya mlango wa fremu.