Ndandalo na Kiwanja Kilichofagiliwa

Mwenye kushuka kutoka Tukuyu huacha nyuma mashamba ya chai, migomba na baridi ya milimani, akaingia bonde la Kyela penye joto na mvuke. Mashariki imesimama safu ya milima ya Livingstone kama ukuta, kusini limelala Ziwa Nyasa, na kati yake ni tambarare iliyojengwa na udongo wa mito: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Huku kwetu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ikikolea, mashamba ya mpunga hugeuka ziwa la pili, na mchimba kisima hatoki jasho jingi kabla hajakutana na maji. Wageni kutoka Dodoma hutuonea kijicho kwa jambo hilo. Nami niliihesabu kuwa ni neema tupu hadi mwaka jana.

Ndandalo ni kata yetu katika wilaya hii. Ni mahali pa mpunga, kakao na michikichi, na Waislamu tumo miongoni mwa majirani ambao wengi wao ni Wakristo. Tunaazimana viti vya misiba na masufuria ya harusi. Madrasa yetu husomeshwa barazani mwa msikiti. Watoto wamebanana, na jua la alasiri huwafuata hadi ukutani. Basi ilipotujia habari kwamba warithi wa mfanyabiashara mmoja marehemu wanataka kiwanja cha baba yao kiwe wakfu wa madrasa, tulipiga takbira.

Kiwanja chenyewe kina gofu la ghala, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa stoo ya pembejeo: mbolea, magunia, na dawa za kuulia wadudu wa mashambani. Paa limekwisha. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kukubali na kuigonga muhuri siku ile ile, na mimi ndiye niliyetangaza msaragambo baada ya swala ya Ijumaa.

Tulikwenda wakubwa kwa wadogo. Wanaume walibomoa ukuta, wanawake walipika wali, watoto wa madrasa wakapewa mafagio. Katika nyufa za sakafu mlikuwa na unga mweupe ulioganda, na kwenye pembe moja ilitoka harufu kali, ambayo mzee mmoja alisema ni ya dawa ya zamani isiyo na nguvu tena. Watoto waliufagia unga ule. Wengine waliuzoa kwa viganja. Binti yangu wa miaka saba alikuwamo. Alirudi nyumbani kichwa chote cheupe, mama yake akacheka, akamwambia amekuwa bibi kabla ya kuolewa. Jioni kiwanja kilikuwa safi, tukapiga picha.

Wiki mbili baadaye nilisafiri kwenda Dar es Salaam kununua misahafu na juzuu. Ukishapita Uyole na Makambako, ukateremka Kitonga, ukavuka mbuga ya Mikumi, siku imekwisha. Nilishuka Kibaha nilale kwa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, ambaye sasa anasomesha huko. Baada ya chakula nikamsimulia kwa furaha habari ya kiwanja. Akaweka kikombe chini.

“Ustadhi, stoo ya dawa? Kesho kabla hujaondoka twende Vikuge.”

Vikuge imo humo humo Kibaha, mkoani Pwani. Nilitarajia kuona kitu cha kutisha, nikaona majani. Lipo shamba la Serikali la malisho ya mifugo. Hatukuingia, tulisimama njiani, rafiki yangu akanyoosha mkono kuelekea upande lilikokuwa banda, akanipa kisa chake.

Mwaka 1986 shehena ya viuatilifu, baadhi vikiwa vimekwisha muda wake, ililetwa kutoka Ugiriki kwa jina la msaada, ikawekwa katika banda la shamba hilo. Banda likaanguka, na dawa zikachanganyika na ardhi. Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yakaondolewa, na mpita njia angesema kazi imekwisha. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walichukua udongo na maji ya mahali pale na ya vijiji jirani, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Katika udongo wa juu walikuta DDT ikifika asilimia 28. Yaani katika kilo moja ya ule unaoitwa udongo, gramu 280 ni sumu. Nyingine iitwayo HCH ilifika asilimia 6. Maji nayo hayakusalimika. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004, na hukumu yao ni kwamba udongo uliobaki ni taka ya hatari wenyewe, hata baada ya dawa zenyewe kuondolewa.

Mwaka 2005 yakapimwa mayai ya kuku wa kienyeji wa maeneo yale, nayo yakakutwa na sumu, kwa kuwa kuku hudonoa ardhi mchana kutwa. Wengine wakapima majani machanga ya miembe, wakaikuta humo pia. DDT haiozi kama samadi. Hukaa ardhini miongo ya miaka, huingia katika mafuta ya mwili, na hutoka katika maziwa ya mama.

Rafiki yangu aliendelea kueleza, mimi nikiwaza kichwa cheupe cha binti yangu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa katika mlango wa tohara. Tulifundishwa kwamba najisi ni ya namna mbili: ile yenye kuonekana, ambayo haina budi kuondolewa pamoja na rangi, ladha na harufu yake, na ile isiyobakisha alama, ambayo hutosha kupitishiwa maji. Tulifundishwa kisa cha bedui aliyekojoa msikitini Madina, na Mtume (s.a.w.) akaamuru pamiminwe ndoo ya maji. Lakini sumu haimo katika mlango ule. Ndoo yangu ya maji, kwa Ndandalo, ingeisukuma tu kuelekea kisimani. Hukumu yake iko katika mlango wa kuondoa madhara, nami mlango huo niliusoma na mtihani wake nikafaulu.

Nikakumbuka pia kiwanja cha msikiti wa Mtume mwenyewe. Palikuwa na makaburi ya washirikina, magofu na mitende. Makaburi yalifukuliwa, magofu yakasawazishwa, mitende ikakatwa, ndipo ujenzi ukaanza. Sisi wasimuliaji huikimbilia habari ya matofali na wajenzi. Ile kazi ya ardhini huwa tunaitaja kwa pumzi moja.

Kikao cha kamati kilikuwa kigumu. Mzee mmoja aliniambia, “Katibu mwanangu, sisi tumelima kwa dawa hizo miaka arobaini, mbona tupo?” Sikuwa na jibu la kumfedhehesha mzazi, wala sikulitafuta. Nilisema tu kwamba aliyewaingiza watoto mle bila kuuliza ni mimi, na kwamba nimekwisha mweleza mama wa kila mtoto aliyeshika fagio. Mwekahazina akauliza kuhusu saruji: mifuko imekwisha nunuliwa, na joto la Kyela haliingoji.

Zipo njia, nikaeleza. Udongo unaweza kuchimbwa na kupelekwa panaporuhusiwa kisheria, au kufunikwa kwa zege na kupigwa marufuku kisima na bustani mahali hapo, au kiwanja kikaachwa kwa shughuli isiyo ya watoto. Kila njia yaweza kuzidi gharama ya madrasa. Na kwanza ni kupima: Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya kanda Mbeya, si mbali na sisi. Tena hati ya wakfu ilikuwa bado haijaandikwa, na hilo lilikuwa jambo la kushukuru, kwa sababu katika madhehebu yetu ya Shafi wakfu ukishafungwa hauuzwi wala haubadilishwi kwa wepesi. Tulikubaliana kupima, kwa kura, si kwa kauli moja. Saruji ilikwenda kwenye choo cha msikiti.

Lililobaki lilikuwa zito zaidi: kuwaambia warithi. Mtoto mkubwa wa marehemu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu, “Shekhe, unataka kusema baba yetu amekufa akituachia sumu tuitoe sadaka?” Nilimjibu kuwa marehemu aliuza bidhaa iliyokuwa halali dukani kwa kila mtu wa zama zake, na kwamba nia yao imekwisha andikwa mbele ya Mola wao. Hakuniaga vizuri.

Baada ya siku tatu alikuja msikitini kwa swala ya Alasiri. Tulipotoka akaniomba tufuatane hadi kiwanjani. Alipokuwa kijana, akasema, alimsaidia baba yake stoo, na dawa zilizoharibika walikuwa wakizimwaga katika shimo nyuma ya ghala, kisha wakalifukia. Aliuzunguka ukuta, akahesabu hatua kutoka penye kona, akasimama. Mguuni pake palikuwa na kigingi chetu chenye kitambaa chekundu, tulichokichomeka siku ya msaragambo kuonyesha mahali pa kisima cha udhu.

Tulichukua udongo wa pale na wa pembe nyingine nne kwa maelekezo tuliyopewa, tukaupeleka Mbeya yeye na mimi katika basi moja. Majibu tunayangoja. Kiwanja tumekizungushia miti na kamba, na mama wa jirani ameombwa asiachie kuku wake upande ule. Watoto wangali barazani. Kigingi aliking'oa yeye mwenyewe.