Magari Mawili, Njia Moja

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamekwisha ziona meza mbili zilizounganishwa nyuma ya maabara ya Fizikia, na juu yake reli ndogo iliyozunguka mfano wa yai. Wengine husema ni mchezo wa watoto. Sina ugomvi nao, ila napenda kueleza kazi yenyewe, kwa kuwa mna jambo ndani yake ambalo mimi na rafiki yangu wa bwenini tumelibishania muhula mzima, na hata sasa hatujapatana.

Kuendesha gari moja la moshi si taabu. (Naliita la moshi kwa mazoea tu; halina moshi, kama yasivyo nao yale ya umeme yaliyoanza safari baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024.) Unatia umeme katika reli, nalo lakimbia. Taabu huanza ukiweka la pili. Hata yakitoka kiwanda kimoja hayalingani mwendo, na lile jepesi halina budi kulifikia lile zito na kuligonga. Mtu aweza kukaa na kidole juu ya swichi, lakini mtu huchoka, tena huzungumzishwa na wenzake. Sisi tulitaka magari yazuiane yenyewe. Tena si mali yetu, tumeazimwa, na Mwalimu alikwisha tuambia kwamba likivunjika moja, chama chetu hakina fedha ya kulilipa.

Basi tuliigawa njia katika vipande vinne, na sheria ni hii: gari lisiingie katika kipande ambacho mna gari jingine. Mwishoni mwa kila kipande tulikata reli moja kwa msumeno mwembamba, tukapata sehemu fupi, yapata shibiri mbili, yenye waya wake peke yake. Hapo ndipo pa kusimama. Shibiri moja haitoshi, maana gari lililokatiwa umeme halisimami papo hapo, huteleza kidogo. Chini ya kila injini tumegundisha sumaku, na katikati ya reli, mbele kidogo ya mwanzo wa kila kipande, tumeweka swichi ndogo ya kioo ijifungayo sumaku ipitapo juu yake.

Gari likipita hapo hufanya kazi mbili kwa mara moja. Hukata umeme wa mahali pa kusimama palipo nyuma yake, ili mfuasi wake asije akaingia. Na hurudisha umeme wa mahali pa kusimama pa kipande cha nyuma zaidi, kwa kuwa kile ililokitoka sasa ni kitupu. Anayeyashika maagizo hayo ni rilei, nayo hukaa ilivyoachwa mpaka iambiwe vingine. Swichi tumeiweka mbele ya mwanzo wa kipande kwa urefu wa gari zima, ili mkia uwe umekwisha pita kabla ya mfuasi kupewa ruhusa. Yafaa kukumbuka pia kwamba vipande lazima viwe vingi kuliko magari. Magari manne katika vipande vinne yatasimama yote, kila moja likimngoja wa mbele, mpaka siku ya kiyama.

Siku ya wazazi magari yalizunguka tangu saa nne mpaka saa nane wala hakuna aliyeyagusa. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja, aliyekuwa gadi katika reli miaka mingi, hakupiga. Tulimwamkia, akaitikia, akainama kutazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Wajukuu zangu, behewa la mwisho likikatika likabaki njiani, nani atajua?" Rafiki yangu akamjibu, "Babu, hayakatiki." Mzee akacheka. Akatueleza kwamba zamani, gari lilipopita stesheni, stesheni masta hakutazama injini. Alitazama mkia, aone kama taa yake ipo. Isipokuwapo, gari halikufika zima.

Swali lake ndilo lililotugawa. Sumaku zetu huiona injini tu, mabehewa hayaonekani. Nilikwenda maktaba nikasoma habari za Armagh, nchini Ireland. Tarehe 12 Juni 1889 gari lililojaa watoto wa shule ya Jumapili lilishindwa mlima. Wakayafungua mabehewa ya nyuma ili kuyapeleka ya mbele kwanza, nayo yakaserereka chini na kuligonga gari lililokuwa likifuata. Walikufa watu wapatao 80. Huko magari yalikuwa yakitenganishwa kwa saa, yaani dakika kadhaa baina ya moja na jingine, na saa haiwezi kujua kilicho njiani. Mwaka uleule sheria ya Uingereza ikalazimisha reli za abiria kufuata mpango wa vipande, na breki za kufika mabehewa yote.

Lakini dawa ya kuyaona mabehewa ilikwisha patikana kabla ya hapo. Mmarekani William Robinson alipata hataza yake mwaka 1872. Umeme mdogo hupita katika reli zenyewe na kuishikilia rilei. Magurudumu ya chuma yakikanyaga reli mbili huukatisha, rilei ikaachia, na ishara ikaonyesha hatari. Kinachonipendeza ni kwamba waya ukikatika au betri ikifa, rilei huachia vilevile. Kikiharibika, husimamisha magari. Chetu kikiharibika huyaruhusu.

Rafiki yangu asema nyaya zikizidi ndipo patakapozidi mahali pa kukatika, na gari lisimamalo ovyo kila saa halimfai mtu. Hapo ana haki. Hata hivyo tumeanza kutia rizista ndogo katika ekseli za mabehewa, na umeme mdogo usiotosha kuzungusha mota hata pale pa kusimama. Sita yamekwisha kuwa tayari. Mawili yaliyobaki yana magurudumu ya plastiki, nasi wa Kidato cha Nne twaingia mtihanini Novemba. Vijana wa Kidato cha Pili wamekwisha onyeshwa sanduku la rizista lilipo.