Imbwa yenye haibweki

Kwetu wawindaji wanafuga imbwa ndogo, urefu wake kama sentimetri 40, uzito kilo 10 hivi. Masikio inasimama, mkia unajikunja kama pete. Wazungu wanaiita Basenji. Jina lile liko na dharau ndani, maana basenji njo watu wa pori. Lakini mwaka 1937 ilionyeshwa London kwa heshima.

Si bubu, iko na sauti yake, lakini haibweki. Kwa hiyo wazee wanaifunga kengele ya mti shingoni, wasikie iko wapi mu msitu. Inaona mbali, inakimbia sana, inajilamba kama paka. Ya kike inazaa mara moja tu kwa mwaka. Ikipotea, si rahisi kupata ingine.

Sisi watoto wa nyumba tulipewa moja kuchunga. Ikalala siku mbili bila kula. Tukasema: "Kunyamaza njo desturi yake." Siku ya tatu ikakufa. Baba akatuuliza: "Mulikuwa munangoja ilie?" Tukakosa jibu. Mithali 12:10 tulikwisha kuisoma, kumbe hatukuishika.

Leo tuko na ingine. Tunaipa maji safi na chakula kila siku, tunaitoa kupe mu masikio, tunaipeleka kupigwa sindano ya kichaa. Zaidi ya yote, asubuhi tunaiangalia macho.

Ndugu, hata mu darasa kuko wenye hawalalamiki. Tuwaangalie na wao.