Ua na Ua Wake

Penye nia, walinena wahenga, pana njia. Nia yangu asubuhi hiyo, nakiri mbele yako msomaji, ilikuwa wizi. Nilikuwa nimeficha mkebe mtupu wa kahawa mkobani nilipokuwa nikimfuata mjomba kuupanda mlima Mbololo, karibu na mji wa Voi. Nilikusudia kung'oa mche mmoja wa ua ambalo halijulikani kuota mwituni kwingineko duniani ila katika msitu huo. Ningeliweka dirishani chuoni, liwe mwenzi wa tasnifu yangu kuhusu taswira ya maua katika ushairi wa Kiswahili.

Msituni ubaridi ulitulaki. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda Milima ya Taita zikaleta ukungu, na ukungu huo ndio huinywesha misitu hii. Mjomba aliinama kando ya mwamba wenye majimaji. Pale palikuwa na majani yenye vinyweleo na, katikati yake, kiua cha zambarau chenye petali tano na manjano kidogo moyoni.

Jamaa zake wamejaa madirishani ulimwenguni. Mnamo 1892 afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua la jamii hii Usambara, katika Tanzania ya leo, akalipeleka kwa babake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland aliiita jamii hiyo Saintpaulia, kwa jina la ukoo huo. Tangu 2015 wataalamu wameihesabu ndani ya Streptocarpus. Hili la Mbololo huitwa teitensis, yaani la Taita.

Nilipoutoa mkebe, mjomba hakunikemea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hilo ua la mashairi yenu huota wapi?"

Nilikosa jibu. Katika beti nilizozichambua, na zile nilizozitunga mwenyewe, ua aghalabu lilikuwa mpenzi: waridi au asumini lisilo na mwamba, kivuli wala ukungu. Mjomba alinielekeza macho kwenye miteremko ya mbali, yenye mashamba na mikaratusi. Msitu wa asili wa Taita umebaki vipande vipande: Mbololo, Ngangao, Chawia na vinginevyo vidogo. Ndiyo maana ua hili limo miongoni mwa mimea iliyo katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

"Ua hili," akasema, "ua wake ni msitu. Ukiubomoa ua huo, umeliua."

Miaka yote ya kusoma homonimu darasani, sikuwahi kuzisikia zikiuma hivyo.

Wanafunzi wenzangu, tunapochambua taswira, tuulize pia kitu chenyewe kinaishi wapi na kinaishije. Pengine tunakisifu kwa ulimi huku kikitutoka. Sura ya tatu ya tasnifu yangu niliiandika upya. Mkebe ungali dirishani pangu, mtupu.