Risasi ni Risasi

Wasee, nilipofika Idaho kwa anko, nilidhani risasi hununuliwa dukani tu. Kumbe yeye hujitengenezea kwa gereji. Anayeyusha madini ya risasi kwa sufuria, anamimina kwa kalibu, kisha anapima baruti kwa mizani ndogo, ganda moja moja. Ni za bastola ya .44 Magnum, ya kuwindia kulungu. Kichwa kimoja kina gramu kama 16, kizito balaa. Nikatoa simu nirekodi, akaniambia niiweke kando. Ukichanganyikiwa ukatia baruti mara mbili kwa ganda moja, bastola inakupasukia mkononi.

Hapo nilimheshimu. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, ningemfundisha nini?

Lakini binti yake wa miaka miwili alikuwa anacheza chini ya meza hiyo. Na mimi ni mtu wa Mombasa, bana. Najua Owino Uhuru, vile watoto waliugua juu ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Madini ni yale yale.

"Anko, huyu mtoto asiingie hapa."

Hakunijibu. Akamimina kingine.

Asubuhi nikakuta gereji ina kufuli, na viatu vyake vya kazi viko nje.