Njia ya Kwenda Barazani

Treni ya kutoka Barking kwenda katikati ya London ilijaa, lakini kijana mmoja alimpisha shangazi kiti. Akakaa, akalipakata jalada la kesi yake, kurasa zaidi ya mia moja. Ilikuwa mara yetu ya kwanza, yeye na mimi, kwenda kwenye baraza la rufaa.

Aliomba PIP, posho ambayo Uingereza ilianza kuitoa mwaka 2013 kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu. Mkaguzi akaandika kwamba anatembea zaidi ya mita 200. Hiyo ni alama sifuri, na posho ya mwendo huanzia alama 8. Ukinyimwa, huendi barazani moja kwa moja: kwanza unaiomba idara iutazame upya uamuzi wake, ikikataa ndipo unakata rufaa. Mwombaji hupewa mwezi mmoja kwa kila hatua. Foleni ya barazani haina mwezi wake. Shangazi alipitisha baridi yote akiishi kwa kukopa.

Ndani ya treni akaniinamia. "Mwanangu, wakiniuliza natembeaje, niseme leo au niseme wakati ule?"

Aseme wakati ule. Kwa sheria ya mwaka 1998, baraza huangalia hali ilivyokuwa siku uamuzi ulipotolewa. Kadiri unavyosubirishwa ndivyo unavyotakiwa kukumbuka ya mbali zaidi, na magoti yaliyozidi kuharibika katika kusubiri huko hayahesabiwi. Mimi naiita dhuluma, hata kama kila karatasi ilipita kwa utaratibu.

Walikuwepo jaji, daktari, na mjumbe mjuzi wa masuala ya ulemavu. Mkalimani wa Kiswahili hatukumlipia. Daktari alitaka kujua siku zile shangazi alikuwa akifikaje dukani, akisimama wapi, akishika nini. Shangazi akataja ukuta wa jirani, kisha nguzo ya taa, kisha kituo cha basi. Saa moja haikutimia.

Tulipoitwa tena, wakampa alama 8, za anayeweza mita 20 bila kifaa cha kumsaidia lakini hapiti 50, na malimbikizo tangu alipoomba. Leo hata hizo 20 hazifikishi, na mtu wa hali hiyo hupata alama 12. Jaji akatueleza kwa upole kwamba badiliko hilo tulipeleke idarani, liangaliwe upya.

Tukirudi tukapanga: mwenye duka alipwe kwanza, kisha jirani wa ghorofa ya juu. Jumatatu tupige simu idarani.